Mashine ya Dhahabu na Mfuko wa Usharika

Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika za ukanda wa ziwa, waliokutana Matema.



Tunawashukuru wenyeji wetu kwa wali na usipa wa jana jioni. Ndaga fijo.

Kwenye ratiba tumepangiwa kuzungumzia "vyanzo mbadala vya kipato kwa vijana". Hilo ni jina la kwenye karatasi. Jambo lenyewe mnalijua, kwa sababu baadhi yenu mmefika hapa mkiwa hamsalimiani vizuri kwa ajili yake. Tangu mavuno ya mpunga yaishe, ofisi yetu imepokea maombi matatu ya mkopo kutoka kwa vikundi vya vijana wa sharika tatu, na yote yanaomba kitu kimoja: fedha ya kununua mashine ya kutambua dhahabu ardhini, ile ambayo wengine huiita ditekta, ili waende nayo Chunya. Kamati moja imepitisha maombi. Ya pili imeyakataa. Ya tatu imeyarudisha mara mbili kwa marekebisho, nasi tunavyoielewa kamati hiyo, kurudisha mara mbili ni namna ya kukataa bila kumkasirisha mtu. Mmetuomba tutoe maoni ya ofisi, na leo tumekuja nayo.

Tuanze na swali la kwa nini sasa. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 za Marekani kwa tani, jambo ambalo hata wakulima wetu wakongwe hawakuwahi kuliona. Mabati mapya na pikipiki mnazoziona njiani kutoka Kyela mjini ni ushahidi. Mwaka 2025 bei ikashuka hadi chini ya nusu ya kilele chake. Mwaka huohuo dhahabu ikaenda upande wa pili: Oktoba 2025 wakia moja, yaani gramu 31 na kitu, ilipita dola 4,000. Kijana mwenye simu anaziona bei zote mbili kwa pamoja, moja ikishuka na nyingine ikipanda, na Chunya haiko mbali. Kutoka hapa unafika Mbeya kwa siku, na kutoka Mbeya hadi Chunya ni kilomita 72 za lami. Tena majira yanaoana. Kyela tunapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, Chunya haifikii nusu ya hiyo. Mpunga ukishavunwa huku, kule nyasi zimekauka au zimeungua, makorongo hayana maji, na ardhi iko wazi kwa mtu anayetaka kupita na mashine yake.

Wala safari hii si ngeni. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 palikuwa na msongamano mkubwa wa wachimbaji wa Kizungu na maelfu ya vibarua Waafrika. Wengi wa vibarua hao walitoka Unyakyusa, wakipandisha milima kwa miguu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa wananchi wa huku katikati ya miaka ile ya 1930, waliikuta hali hiyo: vijana wanakwenda Lupa, wanarudi na fedha ya ng'ombe wa mahari. Kwa hiyo mzee anayesema vijana wa leo wameharibika kwa kupenda dhahabu, tunamwomba kwa heshima aulize ng'ombe waliomwoa bibi yake walitoka wapi. Na hata Ayubu, katika sura ya 28, anawaeleza wachimbaji wanaofanya kazi mbali na makazi ya watu. Ofisi yetu haisemi kwamba kazi hii ni dhambi. Tunazungumzia mkopo.

Sasa mashine yenyewe. Chini ina sahani yenye nyaya zilizoviringishwa ndani yake. Umeme wa betri ukipita kwenye nyaya hizo, unatengeneza nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikuta metali, metali hiyo nayo inaamka na kurudisha nguvu kidogo, mashine inaipokea na kulia. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Haitambui dhahabu peke yake. Msumari inaulilia, kizibo cha soda inakililia, ganda la risasi, kipande cha jembe, mkebe wa nyama wa mwaka 1935, vyote inavililia. Mashine za bei ya juu hujaribu kutofautisha chuma na metali nyingine, lakini mafundi wenyewe wanakiri kwamba mtu akitegemea sana kipengele hicho ataacha na dhahabu pia. Isitoshe, udongo mwekundu wenye chuma kingi unaisumbua mashine mpaka ilie bila sababu, na mtumiaji anahitaji kuirekebisha kila anapohamia ardhi ya aina nyingine.

Jambo ambalo halikuandikwa katika maombi hata moja kati ya yale matatu ni hili: mashine inasikia kipande, haisikii vumbi. Dhahabu nyingi ya Lupa iko ndani ya mawe meupe ya kwazi, imesambaa kwa chembe ambazo jicho halizioni. Ndiyo maana kuna maduara, karasha na mialo, na ndiyo maana kuna zebaki. Mashine ikipitishwa juu ya jiwe la namna hiyo, lenye dhahabu nzuri kabisa ndani yake, inaweza kunyamaza kimya. Inachofaa ni vile vipande vilivyotoka kwenye miamba zamani, vikasombwa na maji na kubaki kwenye makorongo na miteremko, karibu na uso wa ardhi. Kipande kidogo kama punje ya mchele inakisikia kwenye kina cha vidole vichache tu. Cha kina zaidi lazima kiwe kikubwa.

Vijana wametuonyesha video za jangwani Sudan, na tunakiri zinavutia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 watu wengi sana wameingia katika majangwa ya Sudan na mashine hizi, na wapo waliobadilisha maisha yao kwa wiki moja. Lakini angalieni ardhi ile. Ni tupu, haina majani, dhahabu ya mabonde makavu ilikuwa imekaa karibu na juu, na sehemu kubwa ilikuwa haijawahi kupitiwa na mashine. Waliofika mwanzo walivuna kilichowekwa kwa maelfu ya miaka. Makorongo ya Lupa yamechambuliwa kwa miaka mia moja, kwa karai, kwa majembe, na sasa kwa mashine za watu waliotangulia. Bado kuna kitu, hatukatai. Kila mvua kubwa inafungua ardhi kidogo, na mashine mpya zinasikia kina ambacho za zamani hazikufika. Ila kijana anayekwenda leo anaokota masazo, na masazo hayatabiriki.

Vilevile tumeonyeshwa picha ya kipande cha kilo 27 kilichopatikana kwa mashine mwaka 1980 huko Kingower, katika jimbo la Victoria, Australia. Ni kweli kilipatikana, na hakikuwa kimezikwa hata nusu mita. Kiliitwa Mkono wa Imani. Mnaweza kufikiria jinsi ilivyo vigumu kwa mratibu wa miradi ya kanisa kubishana na kipande chenye jina hilo.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo fedha ya usharika inapoingia. Tuseme mashine yenye uwezo imenunuliwa kwa dola 5,000. Zipo za bei ya juu kuliko hiyo. Kwa bei ya dola 4,000 kwa wakia, gramu moja ya dhahabu safi ni kama dola 128. Kurudisha bei ya mashine peke yake zinahitajika gramu 39. Lakini dhahabu ya ardhini si safi. Tuseme ni asilimia 90, basi tunahitaji gramu 43. Mwenye leseni ya eneo naye ana mgao wake. Tuseme theluthi moja, ingawa wengine hutaka zaidi. Sasa tumefika gramu 65, na hapo bado hatujatoa mrabaha wa Serikali, nauli, unga, maji ya kununua kwa madumu, wala riba ya mfuko wetu. Gramu 65 mkizikusanya pamoja zinajaza kizibo kimoja cha soda na kufurika kidogo. Mtu asikiapo hivyo anasema, kumbe ni kidogo! Ni kidogo kwa macho. Kikundi kikiokota kipande cha nusu gramu kila siku ya kazi bila kukosa hata siku moja, kitahitaji siku 130, na kutoka mwisho wa mavuno hadi mvua za Novemba siku hizo hazitoshi.

Na hayo yote ni kama mashine ni halali. Mashine za kampuni ya Minelab ya Australia, ambazo ndizo zinazotafutwa zaidi na wachimbaji wa Afrika, zimeigizwa sana. Ya bandia ina rangi ileile, maandishi yaleyale, hata mkoba wake unafanana. Inawaka na inalia, na msumari itauona. Mtu hugundua baada ya miezi kwamba mwenzake aliyepita nyuma yake na mashine halisi ameokota alichokiruka yeye. Katika maombi mawili kati ya matatu, bei iliyoandikwa ni ndogo mno kuwa ya mashine halisi mpya. Tumewauliza vijana ankara ya mauzo na namba ya mashine. Kikundi kimoja kimesema muuzaji atazitoa baada ya kulipwa.

Hata hivyo, wapendwa, hesabu si jambo lililotukosesha usingizi zaidi. Biashara nyingi tunazozikopesha zina hesabu za wasiwasi. Mpunga nao mafuriko ya Kyela yanaweza kuuchukua wote kwa usiku mmoja. Lililotusumbua ni hedifoni.

Tuelezeni vizuri. Katika duara au kwenye mwalo, kazi inafanyika machoni pa wote. Mawe yanasagwa, yanaoshwa, na dhahabu inapoonekana chini ya karai, wote wameinama juu ya karai lilelile. Wizi upo, lakini unafanyika mbele ya macho ya watu. Mashine hii ni tofauti. Mmoja anavaa hedifoni na kutembea mbele, wengine wanamfuata na majembe. Anayejua kwamba ardhi imesema kitu ni yeye peke yake. Akisimama, wanachimba. Asiposimama, hawachimbi. Akisikia sauti nzito na nzuri, akaendelea kutembea, akakariri mti uliokuwa karibu na kurudi alfajiri peke yake, hakuna shahidi duniani. Na hata akiwa mwaminifu kama Nathanaeli, siku ya saba wasipopata kitu wenzake wataanza kumtazama. Vijana waliorudi kutoka huko wametueleza kwamba makundi mengi hayavunjwi na kukosa dhahabu. Yanavunjwa na shaka juu ya masikio ya mwenzao.

Sasa wekeni hilo pembeni ya fomu yetu ya mkopo. Mfuko wetu wa kukopeshana unatoa fedha kwa dhamana ya kundi: mmoja akishindwa, wote wanalipa. Utaratibu huo umefanya kazi kwa kinamama wa mashine ya mawese na kwa vikundi vya mpunga kwa sababu gunia linaonekana. Kila mwanakikundi anaweza kwenda kulihesabu. Katika mashine ya dhahabu tunataka deni liwe la wote wakati habari ya mapato iko katika masikio ya mmoja. Na deni hilo, tusidanganyane, si la vijana tu. Katika maombi ya pili tumekuta dhamana ni mashamba ya kakao ya wazazi, na katika shamba moja mama mwenye shamba ameweka dole gumba. Tulipomtembelea alitueleza kwamba alidhani ni karatasi ya kuruhusu mwanawe asafiri. Mkopo ukikwama, mama huyo atauza njemke, yaani kakao mbichi ambayo haijachachushwa wala kukaushwa, kwa bei atakayopangiwa na mnunuzi, na sote hapa tunajua bei hiyo inavyokuwa.

Kwa upande mwingine, tusiwanyime vijana haki yao. Walitueleza jambo ambalo hatukuwa na jibu la haraka: mashine haina zebaki, na haina duara la kumfukia mtu. Ni kweli. Kijana anayechimba shimo la nusu mita kwenye korongo yuko salama kuliko aliyeko chini kwenye duara lisilo na magogo ya kuzuia, na mkewe hatapikiwa mvuke wa zebaki jikoni. Kama watakwenda Chunya kwa vyovyote, na wengi watakwenda, afadhali tujue wanakwenda kwa njia gani.

Kuna upande mwingine wa mashine hizi ambao uko hapahapa ufukweni, na tunaomba wachungaji wasikilize kwa makini. Wapo watu wanaopita na mashine wakitafuta kile kinachoitwa mali za Wajerumani. Wanajua kwamba kituo cha kwanza cha Serikali ya Kijerumani upande huu, Langenburg ya zamani, kilikuwa ufukweni kusini mashariki mwa Matema kabla makao hayajahamishiwa Tukuyu. Wanajua kwamba wamisionari wa Berlin walifika mwaka 1891. Wamesikia pia kwamba wakati wa vita, mwaka 1916, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo, na hilo ni kweli. Kutoka hapo wanaruka hadi kwenye kuamini kwamba kila mwembe wa misheni una sanduku chini yake. Sarafu zile zilipigwa Tabora, wakati Langenburg ya ufukweni ilikuwa imeachwa zaidi ya miaka kumi kabla. Uwanja wa misheni ya zamani ukipitiwa na mashine utalia kila hatua, kwa sababu watu wamejenga, wamebomoa na kupigilia misumari pale kwa zaidi ya miaka mia moja. Usharika mmoja umeahidiwa bati za kanisa kwa kubadilishana na ruhusa ya kuchimba usiku karibu na makaburi. Ofisi inasema hapana, bila mjadala. Kufukua makaburi ni kosa la jinai, na anayetaka kuchimba kwa nia njema hana sababu ya kutaka usiku.

Turudi Chunya na sheria. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na marekebisho yake, madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, na hakuna anayeruhusiwa kutafuta bila leseni au makubaliano na mwenye leseni. Leseni za uchimbaji mdogo ni za Watanzania. Kijana anayetembea na mashine katika eneo la mtu bila makubaliano anaweza kupoteza mashine, na mashine hiyo ingekuwa ya usharika. Vilevile dhahabu inauzwa katika masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019, na Chunya lipo soko lake. Anayeuza pembeni anapunjwa kwenye mizani, na anarudi nyumbani bila karatasi yoyote ya kutuonyesha aliuza kiasi gani. Ofisi ya madini ya Chunya ipo, na makatibu wanaweza kuuliza pale kama leseni wanayoonyeshwa ni hai.

Maoni yetu basi ni haya. Mfuko wa kukopeshana usinunue mashine, si kwa kikundi chochote, msimu huu. Fedha ya mfuko huo ilitolewa na sharika rafiki pamoja na michango yenu kwa ajili ya mpunga, kakao na mawese, na wageni wetu walioko hapa wana haki ya kusikia kwamba haijahamishwa. Lakini kikundi kinachotaka kwenda kwa mashine ya mtu mwingine, kwa mgao, tunaweza kukikopesha nauli na chakula cha miezi miwili. Kiasi hicho kijana anaweza kukilipa kwa kibarua cha shamba hata akirudi mikono mitupu. Shamba la mzazi lisiwe dhamana, na dole gumba lisipokelewe mpaka mjumbe wa kamati awe amemsomea mwenye dole karatasi nzima kwa Kinyakyusa.

Makubaliano na mwenye leseni yaandikwe kabla ya safari, yaonyeshe mgao wa mwenye eneo, wa mwenye mashine na wa kila mwanakikundi. Kipande kinachopatikana kipimwe siku hiyohiyo mbele ya wote na kuandikwa kwenye daftari. Na hedifoni zibaki nyumbani. Mashine nyingi zinaweza kuunganishwa na spika ndogo ya nje. Spika hiyo ifungwe begani mwa mtembezaji ili kila mwenye jembe asikie anachosikia mwenzake. Tumeambiwa kwamba kwa spika sauti ndogo sana zinapotea, na kwamba jirani naye atasikia. Tunalijua hilo. Tunakubali wapoteze punje kadhaa.

Kuhusu maombi matatu: lile lililopitishwa tumelirudisha kwa kamati husika pamoja na barua, na fedha haijatoka. Lile lililokataliwa linaweza kuletwa upya kwa sura ya nauli na chakula. Lile la tatu tunaiomba kamati yake iseme ndiyo au hapana kabla hatujaachana hapa Matema, maana vijana wake wameshakaa miezi mitatu wakisubiri, na wawili kati yao wameshaondoka bila mkopo wa mtu yeyote.

Nakala za fomu ya makubaliano ziko mezani kwa katibu, kwa Kiswahili. Ya Kinyakyusa inachapwa. Tumekumbushwa kwamba boti ya Ikombe inaondoka saa nane, hivyo wajumbe wanaoondoka nayo wapewe nafasi ya kuuliza kwanza.